Kabla hujanunua tochi ya mfukoni, itazame kwanza kazi yako

MSIMU wa kuvuna kahawa unapofika katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, saa za mchana huwa hazitoshi. Kahawa iliyochumwa mchana inatakiwa kumenywa siku hiyo hiyo kabla haijaanza kuchacha, na si ajabu jua likazama mkulima angali mashineni, akichambua matunda mabichi yaliyochanganyika na yale yaliyoiva.

Si mkulima peke yake anayefanya kazi gizani. Muuguzi wa zamu ya usiku hulazimika kutazama koo la mtoto au kidonda cha majeruhi huku umeme ukiwa umekatika. Fundi wa magari katika mji wa Tunduma, ambako malori yanayokwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupanga foleni mpakani, huhitaji mwanga hata saa sita mchana, kwa kuwa uvunguni mwa lori hakuna mchana. Mwenye duka hupokea noti usiku, mlinzi husoma namba za magari, na dereva wa bodaboda hutafuta waya uliokatika kando ya barabara.

Wote hao wanahitaji kifaa kimoja kidogo, nacho ni tochi ya mfukoni, ile nyembamba yenye umbo la kalamu na kibanio cha kuishikiza kwenye shati. Ni kifaa cha bei nafuu, na pengine ndiyo maana hununuliwa bila kufikiriwa. Mnunuzi huziwasha tochi mbili tatu dukani, huzielekeza ukutani, na ile inayoumiza macho kuliko nyingine ndiyo anayoondoka nayo.

Makala haya yanaeleza kwa nini kipimo hicho hakifai, na ni mambo gani mnunuzi anapaswa kuyatazama ili tochi yake isimwangushe saa anapoihitaji zaidi.

Tulikotoka

Tochi ya mkononi si kifaa kigeni. Hataza ya tochi yenye umbo la bomba ilitolewa nchini Marekani mwaka 1899 kwa mvumbuzi David Misell, na kampuni ya Conrad Hubert iliyoitengeneza ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Eveready. Betri za wakati huo zilikuwa dhaifu mno kiasi kwamba tochi iliweza kuwashwa kwa muda mfupi tu, kisha ikapumzishwa.

Hapa nchini, watu wazima wanazikumbuka tochi ndefu za bati zilizobeba betri kubwa mbili au tatu. Betri zenyewe zilitengenezwa hapa hapa, katika kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Balbu za tochi hizo zilitoa mwanga kwa kuchemsha uzi mwembamba wa chuma, hivyo sehemu kubwa ya nguvu ya betri iliishia kuwa joto.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na taa za LED. Wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walifanikiwa kutengeneza LED yenye mwanga mkali wa buluu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwanga huo wa buluu, ukipitishwa kwenye unga maalumu wa rangi ya manjano, huonekana mweupe. Tangu hapo betri moja ndogo, ile ambayo wengi huiita betri ya rimoti, imeweza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na betri kubwa mbili.

Hata hivyo, neema hiyo ilikuja na tatizo lake. Watafiti wa mradi wa Lumina kutoka Marekani walipima aina tatu za tochi za LED za kuchaji zilizonunuliwa nchini Kenya mwaka 2009, na hakuna iliyofikia viwango vilivyotangazwa na watengenezaji wake. Hivyo basi, maandishi ya kwenye boksi peke yake si kielelezo cha kutosha cha ubora.

Mwanga mwingi si lazima uwe mwanga mzuri

Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja hutoa takriban lumeni 12. Tochi ndogo za leo huandikwa lumeni 20, 100, 300 na hata zaidi, na mnunuzi huona kwamba namba kubwa ndiyo thamani ya fedha yake.

Lakini mwanga una kanuni yake. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika kwenye kitu hupungua mara nne. Kinyume chake pia ni kweli, kwamba ukiisogeza tochi kutoka mita moja hadi nusu mita, kitu kile kile hupata mwanga mara nne zaidi. Kazi nyingi za tochi ya mfukoni hufanyika umbali usiozidi urefu wa mkono, kwa hiyo mwanga mdogo hutosha kabisa.

Kwa makadirio ya kawaida, lumeni 5 hadi 20 zinatosha kusoma maandishi, kutazama kidonda au kuingiza ufunguo katika kitasa. Lumeni 30 hadi 100 zinatosha kwa fundi anayekagua injini. Zaidi ya hapo ni kwa ajili ya kuona mbali, kwa mfano kutembea katika njia ya shambani usiku, na kazi hiyo inafaa kuachiwa tochi kubwa.

Ubaya wa mwanga mkali kupita kiasi ni kwamba humrudia mtumiaji. Chuma kinachong'aa, karatasi nyeupe na ngozi yenye unyevu huurudisha mwanga machoni, na mboni ya jicho hujifunga. Mtu huyo akiizima tochi hubaki haoni kitu kwa muda. Aidha, betri huisha upesi na tochi yenyewe hupata moto.

Hivyo ni vema kuchagua tochi yenye viwango viwili vya mwanga, na inayoanza na kile kidogo inapowashwa. Kama boksi lina alama ya kiwango cha ANSI FL1, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, namba zake huwa zimepimwa kwa utaratibu mmoja unaoziwezesha tochi mbili kulinganishwa. Hata hapo msomaji afahamu kwamba muda wa kuwaka unaotajwa huhesabiwa mpaka mwanga uliposhuka na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa kumi za boksini si saa kumi za mwanga kamili.

Rangi ni jambo linalosahauliwa

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni je, tochi hii inaonyesha rangi kama zilivyo?

Tochi nyingi za bei ya chini hutoa mwanga wenye ubuluu mwingi na wekundu mchache. Chini ya mwanga huo, tunda la kahawa lililoiva huonekana limefifia na hukaribiana na lile ambalo bado halijakomaa. Fundi umeme anaweza kushindwa kutofautisha waya mwekundu na wa kahawia. Muuguzi naye anaweza asione kwamba macho ya mgonjwa yana umanjano, au kwamba midomo yake imepoteza damu. Kwa mkulima kosa hilo lina gharama katika daraja la kahawa yake, lakini kwa mgonjwa gharama yake inaweza kuwa uhai.

Uaminifu wa rangi hupimwa kwa kipimo kiitwacho CRI ambacho mwisho wake ni 100. Tochi yenye CRI 80 inaridhisha, na yenye 90 au zaidi ni nzuri kwa kazi za tiba na za kuchambua mazao. Ikiwa namba hiyo haikuandikwa, lipo jaribio rahisi la kufanya dukani. Elekeza mwanga katika kiganja chako, kisha katika kitu chekundu kama kanga. Kiganja kikionekana cha kijivu kama cha maiti, na wekundu ukielekea kuwa hudhurungi, irudishe tochi hiyo kwa mwenye duka.

Betri ndiyo roho ya tochi

Kabla ya kuipenda tochi, uliza inatumia betri gani na kama betri hiyo inapatikana dukani jirani na unapoishi. Tochi nzuri inayotumia betri ya aina ngeni inayouzwa Mbeya mjini au Dar es Salaam pekee haitamfaa mkazi wa Isansa betri ikiisha usiku.

Betri ndogo za rimoti, yaani saizi AAA, na zile za saa ya ukutani, yaani AA, hupatikana karibu kila mahali. Lakini hazilingani. Zenye alama ya R03 au R6 ni za kaboni na zinki, na nguvu zake ni chache. Zenye herufi L mbele, yaani LR03 au LR6, ni za alkali na hudumu zaidi. Mnunuzi asidanganywe na maneno "Heavy Duty" yanayoandikwa kwenye betri. Kwa kawaida hizo ndizo za kaboni na zinki, wala si zile zenye nguvu kubwa.

Tuseme betri ya kaboni inauzwa nusu ya bei ya betri ya alkali, lakini inadumu theluthi moja tu ya muda wake. Anayenunua ile ya bei ya chini atakuwa analipa zaidi kwa kila saa ya mwanga. Rahisi ni ghali, walisema wahenga.

Kwa anayetumia tochi kila siku, betri za kuchaji zenye alama ya HR03 au HR6 zina faida, kwa kuwa huweza kuchajiwa mamia ya mara. Zipo pia tochi zenye betri ya lithiamu ndani yake, zinazochajiwa kwa waya kama wa simu. Hizo zinafaa mahali penye umeme au sola, lakini betri ya ndani ikichoka na isipoweza kubadilishwa, tochi nzima inakuwa takataka.

Onyo moja ni la lazima. Zipo betri za lithiamu zenye ukubwa sawa na AAA na AA, zinazojulikana kwa namba 10440 na 14500, ambazo zina volti 3.7 badala ya 1.5. Kuziweka katika tochi isiyotengenezwa kwa ajili yake kunaweza kuiunguza tochi au kusababisha moto.

Aidha, usichanganye betri mpya na kuukuu, wala usianike juani betri zilizokwisha ukitumaini zitafufuka. Nguvu inayopatikana ni ya muda mfupi mno, na betri hizo hupasuka na kuvuja. Uowevu unaovuja kutoka betri ya alkali huunguza ngozi na kula springi za tochi. Ikitokea umevuja, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, futa kwa kitambaa chenye siki au ndimu kidogo, kisha kausha vizuri. Tochi ya akiba inayowekwa kabatini kwa miezi ihifadhiwe bila betri ndani, betri zikiwa pembeni yake.

Mvua, vumbi na kuanguka

Mbozi ni nchi ya mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na kazi ya kumenya kahawa ni ya maji matupu. Tazama kama tochi ina alama ya IPX4, ambayo maana yake inavumilia kurushiwa maji, au IPX7, yaani inaweza kuzama hadi kina cha mita moja kwa dakika 30. Fungua kifuniko utazame kama ina pete ya mpira ya kuzuia maji. Tochi isiyo na pete hiyo haizuii maji, hata kama boksi linasema hivyo.

Swichi nayo ijaribiwe mara kadhaa. Itikise tochi ikiwa inawaka, na kama inapepesa, springi au swichi yake ni dhaifu. Jaribu pia kuiwasha kwa mkono mmoja huku umefumba macho, kwa kuwa ndivyo itakavyokuwa usiku. Kibanio kiwe kigumu, maana tochi nyingi za mfukoni hupotea pale mtu anapoinama. Mwisho, dai risiti, maana bila hiyo hutakuwa na hoja ukirudi dukani.

Namna ya kuitumia

Tochi nzuri mikononi mwa asiyejua kuielekeza haina faida kubwa. Ili kuona ndani ya tundu au bomba, isogeze tochi karibu na jicho lako ili mwanga ufuate njia ile ile ya macho na kivuli kisizibe. Lakini ili kuona ufa katika chuma, msumari katika tairi au mkwaruzo katika kioo, fanya kinyume chake. Laza tochi ubavuni mwa kitu hicho ili mwanga upite juu yake kwa mshazari. Ufa ambao hauonekani kwa mwanga wa mbele hutupa kivuli na kujifichua wenyewe.

Umeme ukikatika chumbani, elekeza tochi kwenye dari nyeupe badala ya kummulika mgonjwa usoni. Mwanga utarudi chini ukiwa umetawanyika, na chumba kizima kitaonekana. Ikiwa mwanga unang'ara mno juu ya karatasi au chuma, funika kioo cha tochi kwa kipande cha karatasi nyeupe nyepesi.

Mwenye duka anaweza kuiweka tochi nyuma ya noti. Noti za toleo la mwaka 2010 zina alama ya maji yenye sura ya Mwalimu Julius Nyerere, ambayo huonekana mwanga unapopita katika karatasi.

Ipo pia desturi ya kubana tochi kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru. Desturi hiyo ni mbaya kwa meno, na kwa mhudumu wa afya ni njia ya kubeba vimelea kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Ishikize tochi kwenye ukingo wa kofia, au tumia tochi ya kuvaa kichwani.

Palipo na hatari

Wahudumu wa afya hutumia tochi ya kalamu kuchunguza mboni za majeruhi wa kichwa, kwa mfano aliyeanguka na pikipiki. Mwanga huletwa kutoka pembeni, jicho moja baada ya jingine, na mboni zote mbili zinatarajiwa kujifunga kwa kiasi sawa. Mboni zisizolingana au zisizojifunga ni dalili ya hatari inayohitaji rufaa ya haraka. Kazi hiyo inahitaji tochi yenye mwanga wa wastani. Tochi ya lumeni 300 ikimulikwa jichoni kwa karibu humuumiza mgonjwa na haimwongezei mchunguzi chochote. Kwa sababu hiyo hiyo, watoto wasiachwe wachezee tochi kali kwa kumulikana machoni.

Hatari nyingine ni tochi ndogo sana za kuning'iniza kwenye funguo, zinazotumia betri bapa mfano wa kifungo cha shati. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kuunguza koo lake la chakula ndani ya saa mbili tu. Mzazi anayeshuku jambo hilo asisubiri dalili, ampeleke mtoto hospitali mara moja.

Wapo pia wanaofanya kazi karibu na mafuta. Kumulika tangi la petroli kwa kibatari au njiti ya kiberiti ni kujitafutia kifo, lakini hata tochi ya kawaida inaweza kutoa cheche ndogo katika swichi yake. Taifa linaikumbuka ajali ya lori la mafuta iliyotokea Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Penye mvuke wa mafuta hutumika tochi maalumu yenye alama ya Ex tu. Asiye nayo asogee mbali.

Je, simu haitoshi?

Wapo watakaouliza kuna haja gani ya tochi wakati hata simu ndogo, ile iliyopewa jina la kitochi, inamulika. Ni kweli simu husaidia mtu anapotafuta viatu chini ya kitanda. Lakini mwanga wake hutawanyika, haiingii mahali pembamba, na ikidondoka katika tangi la kahawa mwenyewe hupoteza mawasiliano yake na pengine fedha zake pia.

Zaidi ya yote, chaji inayotumika kumulika ndiyo hiyo hiyo inayohitajika kupiga simu. Mama mjamzito akipata dharura usiku, familia au mhudumu anahitaji simu yenye chaji ili kupiga namba 115 ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama. Si vema chaji hiyo iwe imeishia katika kutafuta njia ya kwenda chooni.

Hivyo basi, anayekwenda dukani aanze na kazi yake kabla ya kuanza na tochi. Ajiulize anatazama nini, kwa umbali gani, kama rangi ina umuhimu, na betri ataipata wapi. Akishainunua, ajiwekee kanuni moja ndogo ya kuiwasha kila jioni kabla jua halijazama, na kuwa na betri moja ya akiba mfukoni. Anayegundua kwamba betri imekwisha saa kumi na mbili jioni ana nafasi ya kwenda dukani. Anayegundua saa nane za usiku, mgonjwa akiwa mbele yake, hana nafasi hiyo.